Fundo la Kamba ya Ndama

Kamba iliyofyonza mkojo wa ndama kwa miaka ina harufu yake, nami naijua kuliko ninavyojua harufu ya manukato yoyote. Ni harufu ya mavi mabichi, ya maziwa yaliyochacha, na ya kitu kingine kichungu kinachopanda puani na kukaa hukohuko. Kwetu, katika mbuga za Usangu, kila zizi lilikuwa na kamba ya namna hiyo ikining'inia mlangoni, na watu wazima walikuwa wameshaacha kuisikia. Mimi niliisikia. Nilikuwa mtoto mwenye kinyaa. Mama alisema nilizaliwa nimekunja pua. Nilikataa maziwa yenye unywele wa ng'ombe, nilikataa kukalia kigoda ambacho baba mkubwa Shija ametoka kukikalia, na kwa sababu hiyo nilichekwa na kuitwa mzungu wa porini. Sasa ni mtu mzima. Naishi Ilomba, Mbeya mjini, nina maji ya bomba na sabuni inayonukia limau, lakini akiingia kliniki mgonjwa aliyetoka zizini moja kwa moja, najikuta nimesimama tena uani kwetu nikiwa na miaka kumi na mitatu, kisigino kimekanyaga ncha ya ile kamba, na baba ameivuta mpaka kwenye mfupa wa nyonga yangu.

Alikuwa ananipima kwa ajili ya baiskeli. Mwaka ule nilifaulu darasa la saba na kuchaguliwa sekondari, mtoto wa kwanza katika boma letu, wa kiume au wa kike. Sisi ni Wasukuma. Babu na ng'ombe wake walihamia Usangu wakitokea kaskazini kabla sijazaliwa, na hakuna aliyekuwa amefikiria kama shule ingekuwa karibu na sisi. Haikuwa karibu. Niliondoka nyumbani alfajiri, nikitembea kati ya mashamba ya mpunga na miiba ya migunga, nikafika wenzangu wameshahesabiwa mstarini. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa kusafisha vyoo. Sitaeleza vyoo vya wanafunzi mia kadhaa visivyo na maji vinafananaje asubuhi. Nitasema tu kwamba kwa wiki tatu mfululizo sikuweza kula mchana, na usiku nilinusa mikono yangu kabla ya kulala. Wiki ya nne mwalimu alimwandikia baba barua: mtoto akiendelea kuchelewa, jina lake litaondolewa. Baba mkubwa Shija aliposomewa barua ile alifurahi waziwazi. Alikuwa ameshaanza kutajataja wazee wenye ng'ombe wengi na vijana wa kuoa.

Lazima niseme haki: baba alikataa. Alisema, "Kabula atasoma," akachagua dume moja la kuuza, na jioni ile akachukua kamba ya ndama. Kwetu mpini wa jembe hukatwa kwa kimo cha atakayelima nalo, na baba aliamini baiskeli nayo ichaguliwe vivyo hivyo: kiti kifike kwenye nyonga ya mwenye kuiendesha, si juu zaidi. Mama alinishika mabega nisitikisike. Baba alivuta kamba kutoka kisiginoni, akaigusisha kwenye mfupa wangu, akafunga fundo moja dogo, gumu, akalikaza kwa meno. Kwa meno! Nilitaka kutapika kwa niaba yake. Lakini nililiona fundo lile kwa macho yangu, na nilijua liko wapi.

Siku ya mnada tulikwenda Igawa watatu: baba, baba mkubwa na mimi. Baba mkubwa aliitundika kamba begani asubuhi nzima, ikilowa jasho lake juu ya harufu yake ya siku zote. Dume liliuzwa, wazee wakala nyama choma na kupangusa vidole kwenye makoti yao, mimi nikatumwa kununua maji, na niliporudi tukaenda kwa fundi wa baiskeli pembeni mwa barabara kuu. Malori ya Zambia yalipita karibu kiasi cha kuturushia vumbi na moshi midomoni. Fundi Sanga alikuwa Mkinga mfupi, mpole, mwenye kucha nyeusi tii. Alikuwa na baiskeli mbili zilizokwishatumika lakini nzima. Moja ilikuwa ya bluu, fremu ndogo, bomba lake la juu limeinama kuelekea chini, zile ambazo watu huziita za kike. Nyingine ilikuwa nyeusi, ya kiume, fremu kubwa kuliko zote, bomba limenyooka, keria ya kubebea gunia zima.

"Kamwene, wazee," fundi alitusalimia kwa lugha ya kwao. "Mnamtafutia nani? Huyu mtoto?"

"Huyu," alijibu baba. "Anasoma sekondari."

"Basi apande tumwone. Fremu haichaguliwi kwa macho, mzee. Mtu anasimama juu ya bomba, mguu huku, mguu huku, visigino vyote chini. Halafu kati yake na bomba vibaki vidole vinne. Visipobaki, siku akishuka kwa ghafla ataumia, tena pabaya."

Baba alitazama barabarani. Kulikuwa na madereva wawili wamekaa kwenye kivuli cha lori lao wakitafuna miwa na kututolea macho. "Binti yangu atanue miguu hapa? Mbele za hawa?" Alimnyang'anya baba mkubwa kamba. "Tumeshampima nyumbani."

Aliikanyaga ncha, akainyoosha kamba pembeni mwa ile ya bluu. Fundo lilipita kiti, likasimama juu yake kwa karibu mkono mzima. "Hiyo ya masista wa misheni," alisema baba mkubwa, akacheka mpaka akakohoa. Baba akahamia kwenye ile nyeusi. Fundo likakaa sawasawa na kiti.

Fundi Sanga alilitazama fundo, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu. "Mzee," alisema, "kamba yako ni ndefu kuliko mtoto."

"Kamba haina uongo," alisema baba. "Nimempima mwenyewe, mama yake akiwepo."

Nilingoja fundi aseme neno lingine. Nilikuwa na hakika atalisema, maana alikuwa ameona. Alipangusa mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaitoa ile nyeusi nje. Nilimchukia palepale, kwa moyo wote wa mtoto, na baadaye alipokuja kunifaa sikumsamehe sawasawa.

Nyumbani, baiskeli ilipoegemezwa ukutani, kiti kilinifika kwapani. Mama alishangaa. Baba alisema, "Ulisimama kwa vidole nilipokupima," na mimi nikaamini. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi nilipokuwa mkubwa: kwamba niliamini. Nililia nyuma ya zizi nikijiona mjinga, mtoto aliyeshindwa hata kusimama, aliyepoteza dume zima la baba yake kwa sababu ya vidole vya miguu. Baba mkubwa alinifariji kwa namna yake. "Utakua, mayu," alisema, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita binti. "Ukikua itakutosha." Kisha akaipanda yeye, akazunguka boma mara tatu, magoti yake yakikunjuka vizuri kabisa.

Ikawa hivi. Sikuweza kukaa kwenye kiti wala kupita juu ya bomba, kwa hiyo nilipitisha mguu wa kulia ndani ya fremu, chini ya bomba, nikakanyaga pedeli ya upande wa pili huku mwili wote ukining'inia kushoto. Watoto wa wafugaji wengi hujifunzia baiskeli za baba zao namna hiyo, wakicheza, dakika chache, wakianguka na kucheka. Mimi nilikwenda hivyo kila siku, nimevaa sketi ya shule, begi mgongoni, kwenda na kurudi. Mnyororo ulinitafuna sketi na kunipaka grisi nyeusi isiyotoka hata kwa majivu. Bomba lilinisugua nyonga, mahali palepale baba alipofunga fundo lake, ngozi ikachubuka, ikapona, ikachubuka tena, mpaka pakawa kidonda chenye ukoko wa manjano ambacho nzi walikifuata darasani. Nilikaa dawati la nyuma kwa hiari yangu. Wenzangu waliniita Kaa, kwa jinsi nilivyokwenda upande. Jumamosi na Jumapili baiskeli ilikuwa ya baba mkubwa. Alibebea kuku, akabebea dagaa, akabebea madumu ya pombe, na Jumatatu asubuhi niliikuta imepakwa mavi ya kuku mpaka kwenye spoku, na kile kiti nisichokikalia kina unyevunyevu wa jasho lake. Niliifuta kwa majani nikiwa nimebana pumzi. Kila Jumatatu, muhula mzima.

Lakini nilifika mapema. Sikusafisha tena vyoo, na jina langu likabaki. Kwa ajili hiyo ningeweza kwenda upande mpaka kidato cha nne, naamini, kama mvua zisingeanza. Asubuhi moja, kwenye daraja la magogo la mfereji wa mpunga, gurudumu la mbele liliteleza. Mtu aliyekaa juu ya baiskeli inayomtosha hushusha mguu chini, basi. Mguu wangu ulikuwa ndani ya fremu. Baiskeli ilinivuta nayo mferejini, na pedeli, ambayo mpira wake ulikuwa umeisha ikabaki chuma kitupu, ilinichana shavu la mguu mpaka nikaona weupe ndani. Nililala kwenye tope ambalo ng'ombe walikuwa wameshalivuka, nimebanwa, nikimeza maji ya mavi, mpaka mama mmoja mlima mpunga aliponisikia na kuja kunitoa.

Nilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni. Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kusema. "Shule imemkataa." Baba aliutazama mguu wangu, akatazama pembeni. "Apumzike nyumbani kwanza," alisema. Nilijua kupumzika huko ni kupi. Dada wa boma la jirani alipumzika hivyohivyo, na kabla ya mavuno alikuwa ameolewa Chunya.

Mama alinisafisha kwa maji ya chumvi, akanifunga kitambaa, kisha akaenda mlangoni mwa zizi akarudi na kamba. Sikumwelewa. Alinisimamisha ukutani, akaniambia nikaze mguu hata kama unauma, akaweka ncha chini ya kisigino changu na kuivuta kamba juu taratibu. Fundo lilipita nyonga. Lilipita mbavu. Likasimama kwapani. Mama aliishusha kamba, akaipeleka kwenye mwanga, akaipapasa kwa kidole gumba. Chini kabisa ya fundo, kwa umbali wa mkono wangu mzima, palikuwa na mahali pembamba, pamebanwa, nyuzi za katani zimekatika pale zilipokazwa kwa meno. Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Mtu alikuwa amelifungua na kulifunga tena juu.

Alingoja wazee wakae kula. Walikuwa na ugali na maziwa mgando, na mimi nilikuwa nimelala ndani, mlango wazi, nikiona kila kitu. Mama alipiga magoti kama siku zote, akaiweka ile kamba chafu juu ya mkeka, karibu na bakuli la maziwa.

"Baba Kabula," alisema, "mtoto amefupika?"

Baba aliacha tonge mkononi. Baba mkubwa alicheka. "Kamba huvutika juani," alisema. "Sasa kutuletea mavi kwenye chakula ndiyo nini?" Alimaliza maziwa yake yote, akayafuta masharubu. Baba alinawa bila kumaliza kula, akatoka. Na mimi, kutoka pale kitandani, nikatoa hukumu: aliyeibeba kamba begani asubuhi nzima ni baba mkubwa. Aliyezunguka boma mara tatu ni baba mkubwa. Aliyetaka nisisome ni baba mkubwa. Sikuhitaji shahidi.

Siku ya mnada uliofuata, wazee wakiwa wamekwenda malishoni na ng'ombe na kidonda changu kimeanza kufunga, mama aliniambia nivae sketi ya shule. Alinipakiza kwenye keria, akaikokota baiskeli nyeusi mpaka Igawa kwa miguu, hatua kwa hatua, katika jua. Fundi Sanga alipotuona alisimama, akavua kofia. Baiskeli ya bluu ilikuwa bado ipo.

"Nilisema, mama," alianza.

"Hukusema vya kutosha," alisema mama. "Haya, apande."

Madereva walikuwepo, si walewale lakini wa aina ileile. Mama alifungua kitenge chake cha pili, kile cha mabegani, akakitandaza kunizunguka kama pazia la bafu la nje, ncha mbili mikononi mwake, mgongo wake barabarani. Fundi Sanga aligeuka upande wa pili na kutazama ukuta wa kibanda chake. Ndani ya kitenge, kwenye kivuli chenye harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi, nilisimama juu ya bomba lililoinama, mguu huku, mguu huku, visigino vyote vikigusa ardhi. Mama aliingiza mkono mmoja.

"Vingapi, mama?" aliuliza fundi, bado anatazama ukuta.

"Vinne," alisema mama. "Na kidogo."

"Basi hiyo ni ya kwake."

Wakabadilishana, nyeusi kwa bluu, na fundi akaongeza kengele na pampu bila kuombwa, kwa aibu nadhani. Nilirudi nyumbani nimekaa. Nataka ieleweke: nimekaa, kwenye kiti, nikitazama mbele. Mama alitembea nyuma yangu akiinua kitenge kisiburute. Jioni ile baba mkubwa alipiga kelele boma zima likasikia, kwamba mwanamke ameuza mali ya wanaume, na mama akaenda kukaa kwa dada yake wiki tatu mpaka maneno yakapoa. Baba hakupiga kelele wala hakumtetea. Alikaa mlangoni mwa zizi akichonga kijiti. Hilo nalo lilinitia kinyaa, ukimya ule, lakini nilimhesabia kama udhaifu tu, na udhaifu wa baba mtoto huusamehe upesi.

Baba mkubwa Shija sikumsamehe. Nilimaliza sekondari kwa baiskeli ya bluu, nikasoma chuo Iringa, nikajifunza kazi ya mazoezi ya viungo, na kila nilipokwenda likizo nilimsalimia kwa mbali bila kumpa mkono. Alizeeka akaniuliza mara moja, "Mayu, nimekukosea nini?" Nikamwambia anajua. Alipofariki walinipigia simu, nami nikasema niko kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa Ilomba, sebuleni kwangu, nakunywa chai.

Mwezi uliopita waliniletea baba. Alisukumwa na dume akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, na zamu yangu ikafika ya kumpatia magongo ya kutembelea. Magongo nayo yana kipimo. Mgonjwa husimama wima, unapima kutoka chini mpaka kwapani, kisha unashuka vidole vitatu, maana gongo likibana kwapa mkono hufa ganzi. Nilitumia utepe mweupe, safi, wa hospitali. Baba aliinua mkono, na harufu ya zizi ikanijia yote kwa pamoja. Alikuwa anautazama ule utepe.

"Unanipima vizuri," alisema.

"Ndiyo, baba."

Macho yake yalibaki kwenye utepe. "Lile fundo nililisogeza mimi. Ulipokwenda kununua maji. Shija alikuwa ameiweka kamba pembeni anakula, hakujua kitu. Niliiona ile ya bluu kwa mbali, mayu, nikaona haya. Mwenye ng'ombe kama mimi, nirudi nyumbani nakokota baiskeli ya kike, watu wananiona njia nzima."

Nilikuwa nimeshika utepe kwapani kwake. Sikuutoa. Nilisikia mdomoni ladha ileile ya maji ya tope ya mferejini, na nilimtazama mzee huyu aliyekonda, anayetetemeka kwa mguu mmoja, nikamwona mchafu kwa namna ambayo sabuni haiifikii. Kisha nikajiona na mimi. Nikateremka vidole vitatu, nikaweka alama, nikarekebisha magongo, nikapima tena kuhakikisha.

Alitembea mpaka mwisho wa korido na kurudi. "Yamenitosha," alisema. Nilikwenda kunawa mikono. Nilinawa mpaka kiwiko, mara mbili, na harufu haikutoka. Kaburi la baba mkubwa Shija liko Usangu, nyuma ya zizi, na mimi hata mahali penyewe sipajui.